Mwanafunzi bora wa sosholojia hapatikani kwenye orodha ya GPA

Mahafali yakikaribia, idara nyingi hupanga majina kwa GPA, yaani wastani wa alama, la juu kabisa likapewa cheti cha mwanafunzi bora, biashara ikaishia hapo. Hakuna wa kubisha. Lakini katika sosholojia GPA huonesha zaidi nani anaijua nadharia na anaweza kuiandika kwa Kiingereza ndani ya saa tatu, wakati kazi yenyewe ni kumsikiliza mtu wa Micheweni kule Pemba au Nungwi kule Unguja na kukifahamu anachokisema.

Alama za masomo ziwe mlango, na mwisho zihesabiwe kidogo tu. Anzieni 3.5, linapoanzia daraja la pili la juu. Mkianzia 4.4 ya daraja la kwanza, darasa la watu arobaini huenda likakubakishieni wawili, na hapo hamna tena cha kuchagua. Msikopi pia viwango vya nje. Marekani kuna Alpha Kappa Delta, jumuiya ya heshima ya wanafunzi wa sosholojia iliyoanzishwa 1920, nayo hutazama alama kwanza. Ila kule kipimo cha kawaida cha GPA ni 4 na chetu ni 5, kwa hiyo namba zao hazihamishiki.

Wanaovuka mlango huo wasomwe na kamati ya watu watatu, na angalau mmoja awe hajamsimamia yeyote kati yao, maana kila msimamizi humwona wake ndiye. Futeni majina, kisha kila mjumbe asome kurasa kumi za sura ya matokeo ya tasnifu. Mapitio ya maandishi yaacheni: ndiko kunakonakiliwa sana, na hata aliyeandika mwenyewe pale anasema ya wengine.

Ndani ya kurasa hizo kumi tafuteni maneno ya wahojiwa. Chukueni utafiti wa talaka. Mwanamke mmoja anasema "nimeachwa", mwengine anasema "nimesuswa". Mwanafunzi wa kawaida huwatia wote wawili katika safu moja ya jedwali, "walioachwa". Mzuri husimama hapo hapo. Aliyeachwa ana talaka yake, anakaa eda, na eda ikiisha anaweza kuolewa. Aliyesuswa bado ni mke wa mtu. Mume kaondoka, matumizi haleti, talaka hatoi. Matatizo yao hayafanani hata kidogo, na aliyewachanganya atatoa mapendekezo yasiyomfaa hata mmoja. Kosa hili huingia wakati wa kufasiri mahojiano kwenda Kiingereza, kwa hiyo ombeni na kurasa chache za mahojiano yalivyoandikwa kwa Kiswahili. Asiyekuwa nazo, muulizeni ziko wapi.

Halafu someni maelezo ya vikwazo vya utafiti. Watu huyaruka, na sisi tunayahesabu kuwa ndiyo kipimo kikali kuliko vyote. Mwanafunzi kenda kwa wakulima wa mwani, akaandika: "Wahojiwa hawakutoa ushirikiano." Mtazameni alikwenda siku gani. Ikiwa ilikuwa bamvua, maji yametoka mbali na wanawake wote wako shambani wanafunga mbegu kwenye kamba. Nani angemkalia kitako kujibu dodoso la kurasa sita? Mwenzake aligundua hilo siku ya pili, akarudi wakati wa maji mafu, bahari isipotoka mbali, akawakuta nyumbani wakianua mwani uliokauka na wakazungumza mpaka adhuhuri. Yule wa pili ameshaanza kuwa mwanasosholojia, hata kama Kiingereza chake kinachechemea.

Sasa swali la kwa nini alisoma fani hii. Mkiliuliza hivyo hivyo mtapata jibu moja kwa wote: "Napenda kuisaidia jamii yangu." Si uongo sana, ni adabu mbele ya wakubwa. Ulizeni kwa kuzunguka, kwa Kiswahili, dakika 15 kila mmoja: Ulipoomba chuo, nafasi ya kwanza uliweka nini? Nyumbani walisemaje? Somo gani lilikufanya uwatazame majirani zako kwa jicho jengine?

Hapo ndipo yatatoka ya kweli. Kuna aliyetaka sheria, alama zikakataa. Kuna aliyedhani sosholojia na ustawi wa jamii ni kitu kimoja, akaja kujua muhula wa kwanza kwamba ustawi wa jamii humshughulikia huyu mwenye shida aliye mbele yako, na sosholojia huuliza kwa nini shida hiyo hiyo inawapata wengi wa aina moja. Kuna aliyewahi kulisikia jina la Ibn Khaldun, mwanachuoni wa Kiislamu wa Afrika Kaskazini, kwa masheikh, akaja kukutana nalo darasani, pamoja na kitabu chake Muqaddima cha 1377 na hoja yake ya asabiyya, mshikamano wa kundi, akaona kumbe fani hii haikuanzia Ulaya peke yake. Jibu la "nilikosa sheria" msilikate alama. La kukata ni jibu ambalo halionekani popote katika kazi yake: anasema anajali vijana wa utalii, na tasnifu yake ni ya karafuu kwa sababu data ilikuwa tayari.

Kwa mgao wa alama tunapendekeza tasnifu 50, mahojiano 30, masomo 20. Na msiwatake wanafunzi waombe tuzo wenyewe. Kwetu kujisifu ni aibu, khasa kwa msichana aliyelelewa kunyamaza mbele ya wakubwa, kwa hiyo fomu zitajazwa na wasemaji wa serikali ya wanafunzi tu. Hao wapewe tuzo ya uongozi, ni kitu chengine. Idara ndiyo itaje majina.

Wasifu wa mshindi usizidi maneno 120, na useme alichofanya. "Ni mwanafunzi mwenye bidii na nidhamu" ni maneno ya ripoti ya skuli. "Alitenganisha walioachwa na waliosuswa, akaonesha kwamba wa kundi la pili hawaingii katika hesabu yoyote" ndiyo sifa. Mpeni mwenyewe ausome kabla hamjauweka hadharani, na picha itoke kwa ridhaa yake. Jina la shehia aliyofanyia utafiti lifuteni: shehia zetu ni ndogo, ukitaja shehia na umri na idadi ya watoto, watu wa huko wanamjua mhojiwa kabla ya kumaliza sentensi.

Familia ipewe taarifa wiki mbili kabla, si siku mbili. Mzee anayetoka Pemba atafute nauli ya boti, apate wa kumwachia ng'ombe, na alale Unguja usiku mmoja.