Kidato cha Kwanza: Maneno Yanayomkwamisha Mtoto Wako

Kila Januari wazazi huniuliza swali lilelile: mwalimu, nimnunulie kamusi gani huyu anayeanza kidato cha kwanza? Mtoto amesoma miaka saba kwa Kiswahili, na sasa Biolojia, Jiografia na Hisabati zote anakwenda kuzikuta kwa Kiingereza. Hofu yao naielewa. Nafundisha tuisheni watoto wa umri huo, na wiki za mwanzo nawaona wakikaa na kitabu wazi bila kugeuza ukurasa. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI (iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) inatosha kabisa. Ninachotamani waniulize ni hiki: aanze na maneno gani?

Maneno ya lugha yoyote hayatumiki kwa kiwango kimoja. Msomi wa Marekani, George Kingsley Zipf, alilichambua jambo hili miaka ya 1930 na 1940. Neno linaloongoza kwa kutumika hutokea takriban mara mbili ya neno la pili, mara tatu ya la tatu, na hivyo hivyo kushuka hadi kwenye maelfu ya maneno yanayojitokeza kwa nadra sana. Chuo Kikuu cha Brown kilipokusanya maandishi yaliyochapishwa Marekani mwaka 1961, jumla ya maneno kama milioni moja, neno "the" peke yake lilichukua karibu asilimia 7 ya mkusanyiko. "Of" lilifuata kwa takriban nusu ya hapo. Maneno 135 hivi yalitosha kujaza nusu ya maandishi yote, na upande wa pili, karibu nusu ya maneno tofauti yaliyokuwamo yalionekana mara moja tu.

Sasa mfikirie kijana anayekariri kamusi kuanzia herufi A. Wapo, na wana bidii ya kweli, nimewafundisha. Anakujia akiwa na "abacus" na "abdicate" kichwani, maneno ambayo huenda asiyaone mwaka mzima. Mpe sentensi yenye "although" mwanzoni, analipita kana kwamba halipo, na maana yote inageuka kichwa chini. Bidii hiyo ingeelekezwa kwenye maneno anayokutana nayo kila siku, ingembeba mbali sana.

Tena kulijua neno peke yake hakutoshi, lazima alitambue haraka. Watafiti wa usomaji, Keith Rayner akiwa miongoni mwa wanaojulikana zaidi, wamefuatilia macho ya wasomaji kwa mitambo maalumu. Jicho hutua kwenye neno kwa takriban robo ya sekunde, kisha linarukia jingine. Neno la kawaida hulishika jicho kwa muda mfupi, na vijineno kama "the" mara nyingi jicho huvipita bila kutua. Neno la nadra hulishikilia zaidi, hata likiwa na urefu uleule na msomaji analifahamu. Mtoto wa kidato cha kwanza karibu maneno yote kwake ni ya nadra, kwa hiyo anakwama kila hatua. Akifika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshamtoka akilini. Tusiharakishe kumwita mzito wa kuelewa, maana akili yake yote imetumika kuyatambua maneno, na haijabaki ya kuifuata hoja.

Wazazi, na hata baadhi ya walimu wenzangu, huogopa maneno makubwa: "photosynthesis", "longitude", "civilization". Mimi hayanitishi. Kitabu huyaandika kwa wino mzito, mwalimu huyaandika ubaoni, hutoa fasili, huchora mchoro. Ndani ya mada moja neno hilo linarudi mara nyingi mno, na mtoto analishika apende asipende.

Yanayomkwamisha yako katikati. Si ya kila siku kama "go" na "water", wala si istilahi za somo. Ni maneno kama "require", "occur", "consist", "whereas", "therefore", "obtain", "various". Hakuna anayeyafundisha. Mwalimu wa Biolojia anadhani ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza, na mwalimu wa Kiingereza ana sarufi ya kumaliza. Mwaka 2000 mtafiti wa lugha Averil Coxhead, akiwa New Zealand, alitoa orodha ya familia 570 za maneno ya aina hii, yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali. Familia ya neno maana yake ni neno pamoja na ndugu zake: "require", "required", "requirement". Familia hizo 570 hubeba takriban asilimia 10 ya maneno yaliyomo katika maandishi hayo. Ukizijua juu ya yale 2,000 hivi ya kawaida aliyoyapanga Michael West mwaka 1953 (huyu aliwahi kufundisha Bengal, katika India ya wakati wa ukoloni, watoto ambao Kiingereza kwao kilikuwa lugha ya kigeni kama ilivyo kwetu), unakuwa umeshafungua sehemu kubwa ya kitabu cha shule.

Katika kundi hilo la katikati, maneno ninayoyatanguliza ni ya maswali ya mtihani. "State", "outline", "mention", "distinguish", "describe", "account for". Chukua mitihani ya kidato cha pili ya miaka iliyopita, ya somo lolote, uhesabu yanavyojirudia. Inaniuma kuona mtoto anayeijua mada vizuri akipoteza alama kwa sababu kwenye "distinguish" ameeleza kitu kimoja tu na kukiacha cha pili.

Kuna mtego mwingine. Neno linalotumika sana huwa na maana nyingi. "Table" mtoto analijua tangu darasa la tatu kuwa ni meza, kisha maabara inamwambia aandike matokeo kwenye "table". "Solution" kwenye Hisabati ni jibu, kwenye Kemia ni mchanganyiko wa kitu kilichoyeyuka. "Mean" ni wastani, "state" ni hali ya maada, na "power" ya Fizikia ina fomula yake. Maneno haya watoto hawayatafuti kwenye kamusi, maana wanaamini wameshayajua. Kwa hiyo kila somo liwe na ukurasa wake wa maana mpya za maneno ya zamani.

Namna ninavyowafanyisha kazi ni rahisi. Kila mmoja awe na kaunta buku. Anafungua mada anayosoma darasani, anasoma kurasa tatu au nne, na kila neno asilolijua analiandika. Likitokea tena anaweka alama ya mstari mbele yake, kama tunavyohesabu kura za kiranja. Akimaliza, maneno yenye mistari mingi ndiyo anayoyafungulia kamusi. Yenye mstari mmoja anayaacha, isipokuwa kama sentensi haieleweki kabisa bila hilo neno. Mwanzoni wanasita, wanaona kuacha neno ni uvivu. Ninawasisitizia wayaache. Muda wa mtoto ni mdogo na maneno hayana mwisho.

Baada ya hapo neno lazima arudie kukutana nalo. Mtafiti wa msamiati Stuart Webb alionyesha mwaka 2007 kwamba kukutana na neno mara kumi katika usomaji humpa mwanafunzi mengi kulihusu, lakini kulijua kikamilifu kunaweza kudai zaidi ya hapo. Ndiyo sababu siamini katika kukariri maneno ishirini usiku mmoja na kuyaacha. Bora matano, ayaone kesho, keshokutwa, wiki ijayo, kila mara ndani ya sentensi nyingine na ikiwezekana ndani ya somo jingine.

Njia nyepesi ya kuyapata marudio hayo ni vitabu vya hadithi, vile vilivyoandikwa kwa msamiati uliopimwa kwa ajili ya wanaojifunza. Kipimo cha watafiti wengi ni kwamba msomaji awe anajua takriban asilimia 98 ya maneno ndipo asome kwa raha bila msaada. Yaani ukurasa wenye maneno 250 uwe na mageni matano tu. Kwa wengi wa kidato cha kwanza hicho ni kitabu kinachoonekana cha watoto wadogo, na wanaona aibu kukishika mbele ya wenzao. Mzazi, mnunulie hata hivyo, akisome nyumbani.

Na Kiswahili kisiachwe. Hesabu ya maneno kwetu ina sura yake, kwa sababu "anasoma", "walisoma" na "tutakaposoma" machoni ni maneno matatu lakini mzizi ni mmoja, na anayesoma Kiswahili kwa wepesi ni yule anayeuona mzizi huo upesi ndani ya viambishi vyote. Wapo wanaofika kidato cha kwanza bado wanaunganisha silabi. Mtoto wa namna hiyo magazeti na hadithi za Kiswahili zitamjengea wepesi, naye mengi anayoyasoma humo kuhusu mwili, mvua au ukoloni atayakuta tena darasani akiwa ameshayaelewa.

Mama mmoja aliniambia, "Mwalimu, mimi Kiingereza sikijui, nitamsaidiaje?" Nilimjibu kwamba masikio yanatosha. Mtoto asome kwa sauti dakika kumi, mzazi akae karibu na penseli. Pale anaposita, weka kialama pembeni mwa mstari bila kumkatiza. Akimaliza aziangalie alama hizo mwenyewe, akueleze kwa Kiswahili kila neno lililomshika lina maana gani, na yale asiyoweza kuyaeleza ayaingize kwenye kaunta buku kesho yake.