Wasomaji Wanauliza: Mshahara Unakwisha na Sioni Nilichonunua

SWALI: Ndugu mshauri, mimi ni mwanamke mwenye umri wa miaka 29, naishi Kimara na nafanya kazi katika ofisi moja ya Posta. Mshahara wangu baada ya makato yote ni shilingi 850,000, na huingia tarehe 25. Ikifika tarehe 10 ya mwezi unaofuata huwa nimeshaanza kuwakopa wenzangu nauli, ingawa sina mtoto, sinywi pombe wala sina safari. Kinachoniponza ni kununua vitu ambavyo sikuvipanga. Usiku naona viatu au seti ya vyombo Instagram, namwandikia muuzaji, nalipa kwa simu, na kesho yake bodaboda ananiletea mzigo ofisini. Juzi nimepanga kabati nikakuta blauzi mbili ambazo lebo zake hazijakatwa. Nimejiapiza mara nyingi kuacha na sijaweza. Je, mimi sina nidhamu? (Msomaji, Kimara, Dar es Salaam)

JIBU: Dada yangu, asiye na nidhamu haamki alfajiri kila siku ya kazi kuwahi basi la mwendokasi. Nidhamu unayo, ila unaitumia mahali ambapo haiwezi kukufaa. Unapambana na kishawishi usiku, umechoka, simu iko mkononi, na fedha yako yote ya mwezi imo ndani ya simu hiyo hiyo. Saa hiyo muuzaji ana nguvu kuliko wewe, na kiapo ulichokula asubuhi hakina pa kushika. Ushauri wangu wote unatokana na jambo moja: uamuzi wa kununua au kutonunua ufanywe mapema, mbali na bidhaa yenyewe, ili saa ya kishawishi ikifika fedha ya kununulia isiwe karibu.

Namna ya kulipa ina uzito mkubwa hapa. Mwaka 2001 watafiti Drazen Prelec na Duncan Simester wa chuo kikuu cha MIT nchini Marekani walichapisha matokeo ya majaribio ambamo watu walitakiwa kutaja bei ya juu kabisa ambayo wangekubali kulipa ili wapate tiketi za mpira wa kikapu. Walioambiwa kwamba watalipa kwa kadi walitaja bei kubwa kuliko walioambiwa watalipa taslimu, na katika jaribio moja tofauti ilifikia karibu mara mbili, ilhali tiketi zilikuwa zile zile. Kwetu kadi si nyingi, lakini simu inafanya kazi hiyo hiyo. Ukitoa noti ya shilingi elfu kumi pochini unaiona ikiondoka, na unaziona zilizobaki. Ukibonyeza namba ya siri yenye tarakimu nne, huoni kitu mpaka ujumbe wa salio uingie, na ujumbe huo wengi wetu hatuusomi mpaka mwisho.

Sasa nikupeleke kwenye jambo ambalo hukulitaja katika barua yako, nami nadhani ndilo kiini cha tatizo. Dar es Salaam wenye nyumba wengi hawapokei kodi ya mwezi mmoja mmoja. Wanataka ya miezi mitatu, sita, hata mwaka mzima kwa mkupuo. Tuseme chumba chako ni shilingi 150,000 kwa mwezi na unalipa miezi sita sita. Ina maana katika miezi mitano usiyolipa kodi, shilingi 150,000 ambazo si zako zinakaa kwenye salio lako na kuonekana kama za ziada. Unanunua viatu vya shilingi 45,000 ukiwa na amani kabisa, kwa kuwa salio linakuambia unazo, kisha mwezi wa sita unatafuta shilingi 900,000 kwa machozi na kwa mikopo. Ada ya shule na bima ya gari huwaumiza watu kwa njia hii hii. Fedha ambayo imeshapata mwenyewe lazima iondoke machoni pako siku ile ile mshahara unapoingia, hata kama mwenyewe hatakuja kuichukua leo.

Hesabu yako inaweza kuwa hivi, nawe utairekebisha kulingana na hali halisi: kodi 150,000, nyumbani kwa wazazi 80,000, akiba 85,000, umeme, maji na gesi 60,000, chakula na nauli 315,000. Jumla ni 690,000, na zinabaki 160,000 kwa ajili ya mavazi, saluni, michango ya harusi na vitu unavyovipenda. Kodi na akiba zitoke tarehe 25 hiyo hiyo, ziende kwenye akaunti isiyounganishwa na simu yako, au kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ambamo fedha za watu wengi huwekezwa kwa pamoja, kama ile mifuko inayosimamiwa na UTT AMIS, taasisi ya serikali ya Tanzania, ambako ukitaka fedha yako unaomba na kusubiri siku chache za kazi. Watu hulalamikia kusubiri huko, lakini kwa mtu mwenye tatizo kama lako ndiyo faida yenyewe, kwa sababu hamu ya kununua mkoba haidumu siku chache za kazi. Fedha ya chakula na nauli ikae benki. Zile 160,000 uzigawe kwa wiki nne, na kila Jumatatu uingize 40,000 tu kwenye simu. Zikiisha Alhamisi, usubiri Jumatatu.

Zile 40,000 uzitumie bila kujilaumu. Sikubaliani na washauri wanaomtaka mtu aache kila kinachompendeza, kwa sababu wanaowafuata hujinyima miezi miwili, kisha siku moja wanaingia Kariakoo na kumaliza kila walichokiokoa. Mtu anayefanya kazi ana haki ya kununua kiatu kizuri. Shida ni kiatu cha tatu kilichonunuliwa kwa fedha ya mwenye nyumba.

Kabla ya yote hayo, nakuomba utenge jioni moja na kuchukua taarifa ya miamala ya simu yako ya mwezi mzima. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na leo daftari tunaandikiwa bure, ila hatulifungui. Chukua kalamu, na mbele ya kila malipo andika kitu ulichonunua, siku na saa. Msomaji mmoja aliyefuata ushauri huu alituandikia kwamba karibu manunuzi yake yote ya kujutia yalifanyika kati ya saa tatu na saa sita za usiku, katika wiki ya kwanza baada ya mshahara. Aliyeona hivyo hahitaji tena kujilinda mwezi mzima. Anajua wiki na saa zake za hatari, naye anaiacha simu sebuleni anapokwenda kulala.

Kila kitu utakachokitamani baada ya hapo kiandike katika daftari dogo: jina lake, bei, na tarehe uliyokiona. Kisha ungoje mpaka mshahara unaofuata. Muuzaji atakuambia zimebaki mbili tu, na pengine ni kweli kwamba zimebaki mbili katika mzigo huo. Hata hivyo mzigo mwingine utashuka Kariakoo, kama inavyoshuka kila wiki, na mara nyingi kiatu kile kile utakikuta kwenye duka jirani kwa bei ya chini. Ukilifungua daftari baada ya mwezi mmoja, vingi utavifuta wewe mwenyewe. Vile ambavyo bado unavitaka uvinunue, na ukiweza nenda dukani ukavijaribu, kwa maana risiti zetu nyingi zina maneno ya kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na blauzi zako mbili zenye lebo ni ushahidi wa kutosha.

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi wa friji hapa Kisauni, Mombasa. Wateja hunilipa kwa M-Pesa, lakini kila hela ikiingia, Fuliza, ile huduma ya kukopeshwa pale salio la M-Pesa lisipotosha, inakata deni lake kabla sijaigusa. Jioni nafuliza tena ninunue chakula cha mkahawani, bando na vitu vya dukani ambavyo hata sikuvihitaji. Nitatokaje humu? (Fundi, Kisauni)

JIBU: Ndugu yangu fundi, tangu Fuliza ilipoanza mwaka 2019 imewaokoa watu wengi waliokwama njiani au hospitalini, na kwa dharura za namna hiyo siilaumu. Ubaya wake kwa manunuzi ya kila siku ni kwamba imeyaondoa maneno yaliyokuwa yakituzuia, yaani kuambiwa salio halitoshi. Zamani ukiambiwa hivyo uliirudisha soda rafuni, ukaenda nyumbani. Siku hizi soda unaipata, na juu ya bei yake unalipa ada ya kuchukua deni, pamoja na ada ya kila siku ambayo deni linabaki bila kulipwa, kufuatana na ukubwa wake.

Usijaribu kulimaliza kwa siku moja, kwa sababu ukibaki mtupu kabisa utafuliza tena usiku huo huo. Ulishushe kwa ngazi. Ikiwa leo zimekatwa shilingi 3,000, jioni ufulize 2,500 na usizidishe, na baada ya siku mbili ushuke tena, huku ukipika nyumbani badala ya kula mkahawani, maana kwa jinsi ulivyoandika, mkahawa ndio unaobeba sehemu kubwa ya deni lako. Siku deni litakapofika sifuri ujitoe katika huduma hiyo mara moja, kabla hujafurahia. Kisha tenganisha fedha ya kazi na fedha ya tumbo: ya kununulia gesi ya friji na vipuri ikae kwenye Pochi la Biashara, yaani pochi ya M-Pesa inayotenga fedha ya biashara na ya binafsi, na kwenye M-Pesa yako binafsi uingize kile ulichojipangia kuwa ujira wako wa siku. Fundi anayekula fedha ya vipuri hulazimika kuomba malipo ya awali kwa kila mteja, na wateja huanza kumkimbia.

SWALI: Shikamoo mshauri. Baba watoto wangu hununua kila kitu kwa jumla akisema tunaokoa, lakini naona katoni za biskuti na juisi zinakwisha ndani ya siku chache na fedha ya mboga haipo. Nimwambieje bila kumvunjia heshima? (Mama wa watoto watatu, Morogoro)

JIBU: Marahaba, mama. Mumeo ana hoja ya kweli, na ni vizuri uanze kwa kumkubalia. Sukari ya kupimiwa robo robo na mafuta ya kupima huwa ghali kuliko ya jumla ukijumlisha mwezi mzima. Hata hivyo jumla huokoa fedha kwa vitu ambavyo matumizi yake hayaongezeki kwa kuwa vipo vingi. Hakuna anayeoga mara mbili zaidi kwa sababu sabuni imejaa stoo, wala chumvi haimwagwi zaidi chunguni. Biskuti, juisi na soda zikionekana zinaliwa, na watoto hawana kosa katika hilo.

Usiseme naye siku anaposhusha mzigo mbele ya watoto. Kwa mwezi mmoja, kila katoni inapofunguliwa iandikie tarehe ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, na inapokwisha uandike tarehe nyingine. Mwisho wa mwezi, mkiwa wawili, mwonyeshe maboksi matupu na umuulize yeye angependa kipi kiendelee kununuliwa kwa jumla. Mwombe pia gunia la mchele linunuliwe msimu wa mavuno, bei inapokuwa chini, kwa fedha ile ile iliyokuwa ikienda kwenye juisi, na uhakikishe kuna mahali pakavu pa kuliweka, palipoinuliwa kutoka sakafuni.