Flashi imejaa shotikati, simu inaleta matangazo yenyewe: ni kirusi kilekile?

Mkuu, umesema flashi yenye ripoti yako imejaa shotikati (vifaili vidogo vya njia ya mkato), na simu ya mama inaleta matangazo yenyewe, ukauliza kama ni kirusi kilekile. Usifomati flashi kwanza, maana fomati inafuta kila kitu. Fundi aliyekuambia ripoti yako imeshaliwa hajaitafuta. Mara nyingi mafaili yapo humo humo, yamefichwa tu. Simu ya mama ni tatizo jingine kabisa, na ndilo linalonitia wasiwasi zaidi.

Nina steshenari hapa Mwanga, Kigoma. Wanafunzi wakianza kuprinti ripoti za field, flashi za namna hii zinaingia kila siku. Kirusi hicho huficha mafaili yako halisi, kisha kinatengeneza shotikati zenye majina yaleyale. Angalia ukubwa: ripoti ya kurasa nyingi na picha zake inasoma KB 2! Ukiibofya, inaamsha skripti ya kirusi halafu inakufungulia ripoti ya kweli, ndiyo maana mtu anaprinti na kuondoka bila kushtuka, kompyuta imeshaambukizwa.

Anza kusafisha kompyuta kwa Windows Defender, kinga ya virusi iliyomo ndani ya Windows, maana ikibaki chafu itairudishia flashi ugonjwa. Kisha chomeka flashi, usibofye kitu, fungua cmd (dirisha la amri la Windows) uandike:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Badala ya E weka herufi ya flashi yako. Ikitokea folda isiyo na jina, usiifute, mara nyingi mali yako imo humo. Hamisha nyaraka na picha peke yake; chochote kinachoishia na .lnk, .vbs au .exe kiache. Hapo sasa fomati.

Tuje kwenye simu ya mama. Kirusi cha flashi ni cha Windows, hakiwezi kufanya kazi kwenye Android. Muulize mama kwa upole kama kuna APK (faili la kusakinisha programu) aliyotumiwa WhatsApp, ya mkopo wa haraka au bando la bure. Matangazo ni kero tu. Hatari ni programu iliyopewa ruhusa ya Ufikivu (Accessibility): inasoma kioo, inabonyeza yenyewe, na ikipata ruhusa ya meseji inachukua hata namba za uthibitisho. Kwa hiyo leo hii laini yake ihamie kwenye kitochi. Kisha washa simu katika hali salama (safe mode), zima Ufikivu wa programu usiyoijua, iondoe kwenye wasimamizi wa kifaa (bila hivyo inaweza kugoma kufutika), ndipo uifute. Nywila na PIN zibadilishwe kwa kutumia simu nyingine.

Umesema pia umezima masasisho ya kompyuta ili kuokoa bando. Naelewa bei ya bando, lakini kuna mashambulizi yasiyosubiri ubofye chochote. WannaCry, programu hasidi ya Mei 2017 inayofunga mafaili na kudai pesa, ilipita kwenye tundu la Windows ambalo Microsoft walishatoa kiraka chake, yaani sasisho la kuliziba, Machi mwaka huohuo. Ikafunga mafaili ya watu duniani kote na kudai dola 300 za bitcoin. Kama mashine yako bado ni Windows 7, msaada wake uliisha Januari 2020, usiiunganishe na intaneti.

Ukikwama kwenye hiyo amri, piga picha ya kioo uiweke hapa kabla hujafuta chochote.