Ukimtembeza mzee wako Mji Mkongwe, anzia Kasri na umalizie Ngome

Kwa muda usiopungua miaka ishirini nimekuwa nikishuka bandarini Malindi kutoka Pemba na kupita mbele ya Kasri ya masultani, ambayo sasa ni makumbusho, Jumba la Maajabu na Ngome Kongwe nikiwa na mkoba begani na miadi ya kuwahi, bila ya kuingia hata katika jengo moja kati ya hayo. Aliyenitoa katika uzembe huo ni shangazi yangu, ambaye mwaka 2019 alikuja Unguja kutibiwa macho, akabakiwa na siku mbili kabla ya kurudi Wete, akasema kwamba hataki kwenda dukani wala ufukweni, bali anataka kuiona nyumba aliyokuwa akikaa mfalme.

Siku ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Tulitoka saa nane mchana, jua likiwa kali, na pale Forodhani akatujia kijana mmoja, katika wale ambao sisi tunawaita mapapasi, akajitolea kututembeza kwa bei ambayo hakuitaja mpaka tulipomaliza. Alitueleza kwa ujasiri mkubwa kwamba Ngome Kongwe ilijengwa na Wareno, na kwamba misumari ya shaba iliyo katika milango ya Mji Mkongwe iliwekwa ili ndovu wasiivunje. Shangazi alimsikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akamuuliza: "Mwanangu, ndovu hao walikuja Unguja kwa jahazi gani?"

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza unahusu mtu wa kukutembezeni, kwani mengine yote yanategemea hilo. Chukueni mtembezaji mwenye kitambulisho cha kazi hiyo, patanani bei kabla ya kupiga hatua ya kwanza, na kabla ya kukubaliana muulizeni kwa upole Ngome ilijengwa na nani. Anayeijua kazi yake atakuambieni kwamba ilijengwa na Waarabu wa Oman mwishoni mwa karne ya 17, baada ya Wareno kuondolewa, katika kiwanja ambacho Wareno walikuwa na kanisa lao. Kuhusu milango, atakuambieni kwamba mtindo wa misumari ile ulitoka Bara Hindi, ambako ndovu walikuwapo na walitumika vitani, na kwamba hapa kwetu ilibaki kuwa pambo la mwenye nyumba mwenye uwezo. Msidhani kwamba mwenyeji hana haja ya mtembezaji. Mimi nilijiona mwenyeji, na yule kijana wa kwanza sikuweza kumsahihisha hata neno moja.

Siku ya pili tulitoka saa tatu kasorobo asubuhi, pamoja na bwana mmoja wa makamo aliyemwamkia shangazi shikamoo na kumwita bibi, na ambaye alikuwa na tabia njema ya kunyamaza pale ambapo hapakuwa na la kusema. Alitupeleka Kasri kwanza, ingawa wengi huanza Ngome kwa kuwa ndiyo kongwe zaidi, na sasa kila mgeni wangu nampitisha njia hiyo hiyo. Kasri ina ngazi nyingi na maelezo mengi, ikihitaji miguu na akili ambazo hazijachoka, ilhali Ngome ina uwanja wa nyasi na mahali pa kukaa.

Katika Kasri msikimbilie vitanda na viti. Mtembezaji wetu alitusimamisha kwanza kwenye kumbi, akatuonyesha dari, akatueleza kwamba nyumba za zamani za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na kwamba boriti ya mkoko haiwi ndefu sana, ndiyo maana vyumba vingi vya mji huu ni virefu lakini vyembamba: upana wa chumba uliamuliwa na mti. Tangu siku hiyo siingii nyumba ya zamani bila ya kutazama juu.

Chumba kilichomshika shangazi kwa muda mrefu kuliko vyote ni kile cha kumbukumbu ya Sayyida Salme, binti wa Sultan Seyyid Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, akaondoka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani. Habari ya ndoa hiyo shangazi alikuwa ameisikia, na alikuwa na maoni yake juu yake, ambayo sitayaandika hapa. Kilichomgusa ni kuambiwa kwamba binti huyo alijifunza kuandika kwa siri, akinakili maneno ya Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa kuwa wasichana wa wakati wake walifunzwa kusoma lakini si kuandika. Shangazi naye alijifunza kuandika ukubwani. Hakusema kitu; alikaa tu. Tafadhali, mkimtembeza mtu mzima, msimhimize chumbani kwa sababu nyinyi mmeshamaliza kutazama.

Jumba la Maajabu, lililojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883 na kuwa la kwanza Unguja kuwa na taa za umeme, tulilitazama kwa nje, kwa kuwa lilikuwa limefungwa. Hapo ndipo bwana yule alipotusimulia habari ya tarehe 27 Agosti 1896, siku ambayo manowari za Waingereza zilianza kupiga mizinga saa tatu asubuhi ili kumtoa Khalid bin Barghash katika kiti cha usultani, na kabla ya saa moja kupita kila kitu kilikuwa kimekwisha. Kasri ya mwanzo iliharibiwa, na hii tuliyoingia ni iliyojengwa baadaye. Shangazi alisema kwamba Jumba la Maajabu ataliingia safari nyengine. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu kubwa ya mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, watu wawili wakafariki. Kwa hiyo, kabla ya kumwahidi mgeni wako chochote, uliza jengo lipi liko wazi wiki hiyo, kwa kuwa majengo haya hufungwa kwa matengenezo, na jengo lililo wazi leo usiliahirishe.

Mambo madogo nitayataja kwa haraka. Mzanzibari achukue kitambulisho chake cha ukaazi, kwani kiingilio cha mwenyeji na cha mgeni havilingani. Fedha taslimu na maji ni lazima. Siku ya Ijumaa malizeni mapema. Waliokaa barazani waamkieni kabla ya kuinua simu kupiga picha. Wale hawakuwekwa pale na makumbusho.

Ngome tulifika karibu na saa tano, na shangazi akakaa kivulini, karibu na ukuta mnene kuliko ukuta wowote aliowahi kuuegemea. Mtembezaji alimweleza kwamba mahali hapa pamewahi kuwa kambi ya askari na jela, na hata reli ya Bububu ilipokuwapo mwanzoni mwa karne ya 20, ilikuwa na shughuli zake hapa. Kisha akaongeza jambo ambalo sikulijua: neno letu "gereza" wajuzi wa lugha wanasema linatokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, likapita kwenye ngome, likaishia jela.

Shangazi alilifikiri jambo hilo huku akivaa viatu vyake.

"Basi kumbe kila mwizi wa karafuu Pemba," alisema, "tumekuwa tukimpeleka kanisani."