Prado, mchanga wa Msimbati na rimu za 20: usilipe kabla hujasoma hapa

Mkuu, nimeelewa hivi: umehamia Mtwara mjini kikazi, una Prado 150 yenye matairi 265/65R17, na kuna mtu anakuuzia rimu za 20 zikiwa na matairi yake 275/45R20. Unauliza kama huo upana wa 275 utakusaidia kwenye mchanga wa Msimbati na njia za mikoroshoni upande wa Tandahimba. Waliotangulia wamekujibu kwamba tairi pana halizami. Kwa heshima yao naomba nikuzuie kidogo kabla hujatoa hela.

Mimi huu ni mwaka wa 12 naendesha huku Kusini, karibu zote gari za kazi: Hardtop (Land Cruiser ya kazi), Hilux, na Prado mbili. Nimekwama sana. Na nikikumbuka kila nilipokwama, sikumbuki hata mara moja ambapo shida ilikuwa wembamba wa tairi. Ilikuwa upepo mwingi, au ukuta mfupi wa tairi, au vyote viwili.

Tuanze na namba zako. Ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ukuta wa tairi, kikiwa asilimia ya huo upana. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Kwa hiyo 265/65R17 ina ukuta wa milimita 172, na tairi zima linasimama milimita 776. Hiyo 275/45R20 ina ukuta wa milimita 124, na tairi zima linasimama 755 na ushei. Umeongeza sentimita moja ya upana, umepoteza karibu sentimita tano za ukuta, na gari lote limeshuka sentimita moja. Kwenye lami ya Mtwara mjini sawa, gari litapendeza. Kwenye mchanga umeuza kitu kilichokuwa kinakubeba.

Ukuta ndio unaokubeba kwa sababu moja. Ukipunguza upepo, tairi linalala. Likilala, alama yake chini inarefuka kwenda mbele na nyuma zaidi ya inavyotanuka pembeni, na gari linakanyaga mchanga kwa nyayo ndefu. Tairi pana lenye upepo mwingi linasukuma tuta la mchanga mbele yake kama jembe, na injini inapambana na lile tuta mpaka gari linazama. Lakini ili lilale, lazima pawe na ukuta wa kulala. Milimita 124 ukizilaza, rimu inakaribia ardhi.

Haya sikuyasoma mahali. Mwaka 2016 bosi wangu wa wakati huo alikuwa na Prado aliyoivalisha rimu za 20, na nikatumwa kupeleka wageni wanne Msimbati. Ilikuwa saa nane mchana, jua kali. Tumeshapita Madimba, tumeacha njia iliyoshindiliwa, tunakata kuelekea ufukweni, gari likaanza kuwa zito kama linavuta kitu. Nikafanya kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya, nikakanyaga mafuta. Ndani ya sekunde chache difu ya nyuma, lile bonge la gia katikati ya ekseli, ilikuwa imekaa juu ya mchanga.

Akaja mzee mmoja mvuvi. Nikamwamkia, akaitikia, akazunguka gari mara moja bila haraka, akaniuliza, "Upepo umetoa, mwanangu?" Sikuwa nimetoa. Nikaanza kutoa. Nilipofika PSI 20 (PSI ndiyo kipimo cha upepo kwenye geji, na namba zangu zote za upepo ni za PSI), tairi halikuonyesha hata dalili ya kulala. Nikashuka mpaka 14, hapo ukingo wa rimu ulibakiza vidole viwili kugusa mchanga. Tukafukua, tukatandika makuti, gari likasogea mita tatu likazama tena. Aliyetutoa ni Hardtop ya zamani iliyokuwa inatoka kuchukua samaki, imevaa 7.50R16, yaani upana wa inchi 7.5 tu. Matairi yale ni membamba kuliko yetu kwa mbali, lakini marefu, yana ukuta wa maana, na dereva wake alikuwa ameyalegeza tangu mwanzo wa mchanga. Alitembea juu ya mchanga uleule uliotumeza sisi. Na wakati wa kurudi, rimu yetu ya mbele kushoto ikapiga jiwe la matumbawe ikapinda ukingo, tukawa tunajaza upepo kila baada ya kilomita chache mpaka mjini. Toka siku ile sijabishana tena kuhusu upana.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, kabla ya tairi na rimu yoyote: nunua geji ya upepo ya kuaminika na kompresa ndogo inayokula umeme wa betri ya gari. Zile za kuchomeka kwenye kiwashia sigara ni dhaifu kwa tairi la Prado, chukua ya kubana kwenye betri. Ukiwa na hivi viwili, hayo matairi yako ya sasa, kama hayajawa vipara, yatakufikisha Msimbati na kukurudisha.

Fanya jaribio hili mwenyewe ili uamini. Simamisha gari mahali penye mchanga mgumu kidogo, tairi likiwa na PSI 35. Sogea mbele, shuka, pima urefu wa alama liliyoacha pale liliposimama. Yangu haikufika shubiri. Kisha fungua kifuniko cha valvu, bonyeza sindano ya ndani kwa kijiti, sikiliza upepo ukitoka. Mimi hutumia dakika moja na kitu kwa kila tairi. Pima kwa geji, acha 18. Sogeza gari tena, pima alama mpya. Yangu ilikuwa shubiri nzima na vidole viwili juu yake, wakati upana haujabadilika hata kidole kimoja. Hapo utaona kwa macho yako mchanga unachokitaka.

Namba ninazotumia mimi kwa Prado isiyo na mzigo mkubwa: kwenye lami fuata kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na upime asubuhi tairi likiwa la baridi, kwa sababu likishatembea linapata joto na geji inasoma juu. Njia ya vumbi na changarawe, 26 hadi 28. Mchanga, 18 hadi 20. Umekwama kabisa, 15, na ukitoka urudishe kidogo. Chini ya hapo mdomo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona kwa nguvu, na kulirudisha porini ni kazi ya kumaliza jioni nzima. Ukiwa na 18, usizidi kilomita 40 kwa saa, usikunje usukani ghafla, na usifunge breki, acha mchanga wenyewe ukusimamishe. Ukisikia gari linaanza kuwa zito, achia mafuta mapema na urudi nyuma kwenye nyayo zako zilezile. Magurudumu yakishazunguka bure ni shimo unachimba.

Jambo jingine: mchanga wa asubuhi siyo mchanga wa saa nane. Alfajiri una ubaridi na unyevu, umeshikana. Mchana umekauka na kulegea. Kama una uchaguzi, pita asubuhi.

Na tafadhali sana, kurudisha upepo kabla ya lami si hiari. Kuna kijana tuliyekuwa tunafanya naye kazi alitoka ufukweni na 18 akaona mjini si mbali, akaja nayo hivyohivyo kwa mwendo wa lami. Tairi halikupasuka siku ile. Wiki iliyofuata lilianza kuvimba ubavuni. Fundi tairi alipolivua, akaliinamisha, ukamwagika unga mweusi wa mpira kama vumbi la mkaa. Ukuta ulikuwa umejisaga wenyewe kwa ndani kwa joto la kujikunja. Tairi zuri, kashata (yale meno ya juu ya tairi) bado nene, likatupwa. Bora lile, maana lingeweza kupasuka njiani likiwa na watu.

Sasa, kama bado unataka kubadilisha, nenda upande huu. Linganisha hizi tatu: 265/60R18, 265/65R17 na 265/70R16. Kimo chake kinakaribiana sana, milimita 775, 776 na 777, kwa hiyo spidi mita haitakudanganya. Tofauti iko kwenye ukuta: 159, 172, 185. Kila inchi ya rimu unayopunguza inakurudishia ukuta. Ila usikimbilie 16 bila kujaribisha rimu kwenye gari lako kwanza, rimu ndogo inaweza kugusa kaliperi ya breki ya mbele. Kwa Prado 150 mimi nabaki na 17 na sina majuto.

Ukitaka kimo zaidi, 265/70R17 ndiyo chaguo langu. Inasimama milimita 803, gari linapanda sentimita moja na robo, ukuta unafika 185, na spidi mita ikisoma 100 wewe uko kama 103. Jaribisha kwa kukunja usukani mpaka mwisho pande zote mbili, gari likiwa na watu ndani, usikilize kama linasugua. 285/70R17 ambayo vijana wanaipenda ni hadithi nyingine: inasimama milimita 831, ikisoma 100 uko 107, gari linakuwa zito kuondoka, na mara nyingi utaanza kukata plastiki za madigadi na kupandisha springi. Na fikiria hili: ikipasuka Newala, utaipata wapi? 265/65R17 unaipata kwa urahisi huku kwetu. Saizi za ajabu unasubiri basi kutoka Dar, zaidi ya kilomita 500.

Rimu zenyewe, angalia matundu. Prado ina nati 6, duara lake milimita 139.7. Rimu za Land Cruiser V8 ya 200 ni matundu 5, duara milimita 150, haziingii, asikudanganye mtu. Na rimu zinazotokeza nje au kuwekewa spesa (kipande cha kuisogeza rimu nje) zinakula beringi na kurusha mchanga ubavuni mwa gari.

Kuhusu kashata, kwa mchanga chukua AT (all-terrain, za njia zote). MT (mud-terrain, za tope) zina meno makubwa yanayochimba, kwenye mchanga mkavu ukikanyaga kidogo tu unashuka. HT (highway-terrain) zenye kashata za lami zinapita mchangani vizuri kuliko watu wanavyodhani ukizilegeza, tatizo lake ni visiki na mawe. Huku mikoroshoni visiki vimejificha kwenye majani, na tairi lililolala lina ubavu uliotokeza nje, kwa hiyo mchanga ukiisha na mawe au visiki vikianza, simama, rudisha 26.

Jibu langu linabadilika kama kazi itakupeleka Lindi ndani. Nangurukuru kwenda Liwale wakati wa mvua siyo mchanga, kuna vipande vya mfinyanzi unaoganda kwenye tairi mpaka kashata zote zinajaa na gari linateleza kama liko kwenye sabuni. Pale MT ina kazi, kwa sababu meno yake yana nafasi ya kutema tope. Nina jamaa anayefanya njia hiyo ana seti mbili na anabadilisha mvua zinapoanza, Desemba. Kwa mtu wa Mtwara mjini anayekwenda Msimbati na Tandahimba, AT moja inatosha mwaka mzima. Wenye Hilux za kubeba korosho, nyie angalieni na namba ya uzito ubavuni: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 121 ni kilo 1,450. Na ukiwa na magunia nyuma usishuke kwenye 18, tairi la nyuma litakatika ukuta.

Ukifika Msimbati, kumbuka uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Kasa hutaga kwenye mchanga mkavu juu ya mstari wa maji, na tairi likipita pale linavunja mayai usiyoyaona. Fuata njia wanayotumia wenyeji, waulize kwanza. Usiegeshe chini karibu na maji bila kujua bahari inajaa saa ngapi, hasa siku za bamvua. Ukirudi, osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo, chumvi inakula mabomba ya breki.

La mwisho ni spea. Prado yako inaendesha magurudumu yote manne muda wote, na difu ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, haipendi matairi ya vimo tofauti. Ukibadilisha manne ukaacha spea ya zamani ya kimo kingine, siku utakayoifunga usitembee nayo mbali. Nunua matano. Na usome tarehe ubavuni, zile namba nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Huyo anayekuuzia za 20 muombe akupigie picha ya hizo namba uitupie hapa, pamoja na picha ya matairi uliyonayo sasa, nikuangalizie kama yanafaa kuendelea msimu huu.