Kwa nini ni vigumu kuuza Tejas nje ya India

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini India inahangaika kuuza nje ndege yake ya kivita ya Tejas, iliyoruka mara ya kwanza Januari 2001. Kikwazo kikubwa ni injini: F404 ni ya General Electric ya Marekani, kwa hiyo hakuna mauzo bila Washington kuridhia, na injini za toleo la Mk1A zilipochelewa, jeshi la India lenyewe lilibaki likisubiri. Mwenye matatu hapa Nakuru huuliza kwanza spea zitatoka wapi; Malaysia, iliyochagua ndege ya kivita ya FA-50 ya Korea Kusini mwaka 2023 badala ya Tejas, huenda iliuliza hivyo pia. Kiti cha kumwokoa rubani nacho ni cha Martin-Baker ya Uingereza, na hilo liliikwamisha Argentina ilipoitaka Tejas, kwa kuwa Uingereza ilizuia sehemu zake za ndege za kivita kuuzwa huko.