Kuanzisha shule ya Kikristo inayojitegemea: jibu la mtu aliyeshika daftari la fedha miaka 14

Ndugu muuliza swali, umeeleza kwamba kikundi chenu cha wazazi na wazee wa kanisa kimekwisha kupata kiwanja na ramani ya jengo, na sasa mna maswali matatu: muanze kujenga au kwanza mshughulikie usajili, shule iwe chini ya kanisa au isimame yenyewe, na je, mpokee watoto wa familia zisizo za Kikristo. Najibu kama mtu aliyekuwa mweka hazina wa shule ya namna hiyo kwa miaka 14, tangu ilipokuwa na watoto 19 na walimu wawili hadi ilipopita watoto 400. Sikuwa mwalimu wala mchungaji. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu fedha, na pengine ndiyo sababu majibu yangu yataelemea huko kuliko mlivyotarajia.

Nianze na jambo ambalo hamkuliuliza. Katika maelezo yako yote, kiwanja kimetajwa mara nyingi, lakini neno mwalimu sikuliona hata mara moja. Sisi pia tulianza hivyo. Tulikaa mwaka mzima tukibishana juu ya ramani, mpaka mama mmoja mwenye mapacha waliofikia umri wa kuanza shule aliposimama kikaoni na kusema kwamba wanawe hawakui kwa kufuata ratiba ya mafundi. Baada ya wiki chache tulifungua madarasa mawili katika ukumbi wa kanisa. Kila Ijumaa mchana walimu walisukumia meza ndogo ukutani, wakapanga mabenchi kwa ajili ya ibada na kufunika ubao kwa kitambaa cheupe, na Jumatatu alfajiri wakaifanya kazi ileile kinyumenyume.

Jumapili moja kitambaa kilianguka katikati ya mahubiri, na waumini wote wakajikuta wanatazama jedwali la mara tatu lenye kosa: tatu mara saba, ishirini na nne. Baada ya ibada mzee mmoja alichukua kifutio. Mwalimu akamzuia kwa heshima, akamweleza kwamba kosa hilo limeandikwa na mtoto, na mtoto huyohuyo ndiye atakayeligundua na kulisahihisha Jumatatu, kwa hiyo liachwe. Wiki hiyo tuliandikisha watoto wanne. Wazazi wao walikuwa wamesimama karibu na ubao, wakasikia.

Hili la kuanza na ualimu kabla ya jengo si jambo jipya. August Hermann Francke, mchungaji wa Glaucha, jirani na mji wa Halle nchini Ujerumani, alianza shule ya watoto maskini mwaka 1695 kwa sadaka aliyoikuta katika kisanduku nyumbani kwake, thaler 4 na groschen 16, sarafu za Ujerumani za wakati ule. Hakununua tofali hata moja. Alinunua vitabu, akamlipa mwanafunzi mmoja maskini wa chuo kikuu ili afundishe saa mbili kwa siku. Vitabu 27 viligawiwa kwa watoto, vikarudi vinne tu. Francke akanunua vingine, safari hii akaamua vibaki darasani. Jiwe la msingi la jengo kubwa liliwekwa mwaka 1698, na alipofariki mwaka 1727 taasisi zake zilikuwa zikifundisha watoto zaidi ya 2,000. Wahubiri hupenda kusimulia ile sadaka ya kisandukuni. Mimi huvutiwa zaidi na ile amri ya vitabu kubaki darasani, kwa sababu inamwonyesha mwanzilishi aliyepata hasara ndogo mapema, akabadili utaratibu badala ya kuwalaumu watoto.

Sasa juu ya mishahara, ambako ndiko shule nyingi za aina yetu huvunjikia. Mwezi wa nne tangu tufungue, sanduku halikuwa na fedha za kutosha kuwalipa walimu wote wawili. Tulikutana jioni katika chumba cha nyuma cha kanisa, na mmoja wa viongozi wetu akasema kwa nia njema kabisa kwamba mwalimu ni mtumishi wa Mungu, atavumilia. Mwalimu wa darasa la kwanza, aliyekuwa ameitwa atoe taarifa ya mahudhurio, akajibu kwa upole: "Mimi nitavumilia, baba mchungaji, ila mwenye nyumba wangu bado hajaokoka." Tulicheka wote, kisha tukanyamaza muda mrefu. Usiku ule kila mjumbe alichanga kutoka mfukoni mwake, na kabla ya kuachana tukaandika azimio la kwanza la maana katika daftari letu: mshahara utalipwa kabla ya gharama nyingine yoyote, na hakuna ujenzi utakaoanza mpaka akaunti iwe na mishahara ya miezi mitatu ambayo haiguswi.

Ilituchukua karibu miaka mitatu kuifikisha akiba hiyo. Kilichotuchelewesha ni kwamba tulikuwa tukipanga bajeti kana kwamba kila mzazi atalipa ada yote kwa wakati, ilhali kwetu, kati ya kila watoto kumi, ni wanane tu waliolipiwa bila kucheleweshwa. Tatizo la pili lilikuwa msamaha wa ada. Kila mzee wa kanisa alikuwa na jirani mjane au yatima wa kumwombea, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukataa, hivyo nafasi za bure ziliongezeka kimyakimya hadi nikashindwa kuzieleza katika hesabu za mwaka. Hatimaye tuliweka idadi maalumu ya nafasi za ufadhili, tukazitafutia wafadhili kabla ya muhula kuanza, na anayetaka kuongeza moja akawa anakuja na mtu wa kuilipia. Msamaha usioandikwa kwenye bajeti hukatwa kutoka katika mshahara wa mwalimu, hata kama hakuna anayekiri hivyo.

Jean-Baptiste de La Salle wa Reims nchini Ufaransa aliliona jambo hili katika karne ileile ya Francke wa Halle. Alikuwa kasisi mwenye mali na cheo katika kanisa kuu, akaanza kwa kuwasaidia walimu maskini wa shule za bure, kisha akawakaribisha waishi nyumbani kwake, jambo lililowaudhi sana ndugu zake. Walimu wale hawakuacha kumkumbusha kwamba ni rahisi kwake kuwahubiria imani yeye ambaye hana wasiwasi wa kesho. Mwaka 1683 aliachia cheo chake, na katika njaa iliyofuata akagawa mali yake kwa maskini. Sisemi wajumbe wa bodi yenu wafanye hivyo, sisi hatukufanya. Nasema tu kwamba malalamiko ya mwalimu wetu yalikuwa na ukoo mrefu.

Swali la usajili nitalipitia haraka. Shughulikieni usajili na mafunzo pamoja, na msiandikishe mtoto hata mmoja kabla ya kujua masharti ya mamlaka ya elimu ya mahali penu. Wako waumini wanaodhani kwamba shule ya Kikristo ikikaguliwa imeonewa. Wakumbusheni kesi ya mwaka 1925 ambapo Mahakama Kuu ya Marekani iliifuta sheria ya jimbo la Oregon iliyotaka karibu watoto wote wasome katika shule za umma. Kesi hiyo ilifunguliwa na shirika la masista wa Kikatoliki pamoja na shule moja ya kijeshi. Uamuzi huo uliolinda haki ya wazazi kuchagua shule uliacha wazi pia mamlaka ya serikali kukagua shule na kuweka masharti yanayofaa juu ya walimu wake. Kwa upande wetu, mkaguzi wa kwanza alihesabu matundu ya vyoo kabla hajafungua daftari lolote la somo. Tulinung'unika, lakini vyoo vilikuwa havitoshi kweli.

Kuhusu ruzuku, hali hutofautiana mno. Uholanzi, baada ya mabishano yaliyochukua sehemu kubwa ya karne ya 19, iliandika katika katiba yake mwaka 1917 kwamba shule za msingi za kidini zigharimiwe na serikali sawa na za umma. Ikiwa ninyi hamko katika nchi yenye utaratibu kama huo, chukulieni kwamba ada ndiyo itakayoibeba shule, na misaada kutoka nje itumike kwa vitu vinavyonunuliwa mara moja, kama madawati na vitabu, na kamwe isitumike kwa mishahara. Mfadhili huweza kuacha kujibu barua, na mara nyingi huacha mwezi uleule mnapomhitaji.

Juu ya kukua, mpango wetu ulikuwa kuongeza darasa moja kila mwaka kutoka chini, ili watoto wa kwanza wapande na shule ipande nao. Hasara ya mpango huo ni kwamba kwa miaka mingi hamna matokeo ya mtihani wa mwisho ya kuwaonyesha watu, wakati shule jirani zinabandika majina ya waliofaulu. Sisi tulijibu kwa siku ya kusoma: kila mwisho wa muhula mzazi alikaa kwenye kiti kidogo mbele ya mwanawe na kusikiliza ukurasa mmoja ambao mtoto hakuwa ameuona kabla. Wako waliotoka pale wakifuta machozi. Wako pia waliotoka wamekunja uso, na hao tulikaa nao siku ileile.

Mwaka wa sita tuliacha mpango wetu. Maombi yalikuwa mengi, tukafungua madarasa matatu kwa mkupuo na kuajiri walimu watano katika wiki mbili, wengine bila hata kuwaona wakifundisha. Kabla mwaka haujaisha watatu walikuwa wameondoka, na mmoja tulimwachisha kazi kwa sababu aliwachapa watoto kinyume cha kanuni tulizozisaini wenyewe. Wazazi waliokuja kwa kasi ile waliondoka kwa kasi ileile, na madai ya ada waliyotuachia nilikuwa bado nayafuatilia miaka miwili baadaye. Tangu hapo mwombaji wa kazi alifundisha siku tatu mbele ya mwalimu mkuu kabla ya kuhojiwa juu ya imani yake au cheti chake. Wapo waliokuja na barua nzito za wachungaji, lakini mbele ya watoto thelathini hawakuweza kusubiri jibu hata sekunde tano.

Swali lenu la pili ndilo ambalo nusura litugharimu kila kitu. Kiwanja chetu kilinunuliwa kwa michango ya watu wengi, lakini kwa haraka kiliandikishwa kwa jina la mzee mmoja aliyeaminika, na akaunti ya shule ilikuwa tawi tu la akaunti ya kanisa. Kwa miaka minne haikuonekana kuwa tatizo. Kisha kanisa likagawanyika kwa sababu zisizohusiana na shule hata kidogo, na ghafla kila upande ukawa na hoja ya kudai madawati. Mzee yule, namshukuru Mungu, alikuwa mwaminifu. Alituita, akaweka hati mezani na kusema kwamba ana watoto saba wa kumzaa, na hawezi kutuhakikishia kwamba wote saba watakuwa na moyo wake atakapokufa. Mwezi huohuo tulianza kuihamishia hati kwa wadhamini waliosajiliwa kisheria.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba shule isimame yenyewe kisheria, huku kanisa likiwa na viti katika bodi, ila visizidi nusu. Shule iwe na katiba yake, akaunti yake yenye watia saini wawili wasio ndugu, na hesabu zinazokaguliwa na mtu ambaye hasali nanyi. Kanisa likitumia fedha za shule kuezeka paa lake, liandike kwamba limekopa na tarehe ya kurudisha. Na shule ikitumia ukumbi wa kanisa, nayo ilipe kodi, hata kama ni ndogo. Mwalimu mkuu aajiriwe na bodi, na asiwe mke, mume wala mtoto wa mchungaji, hata akiwa ndiye bora kuliko wote. Najua sharti hili la mwisho linaumiza. Kwetu lilimkosesha nafasi mtu aliyestahili, na hadi leo tunasalimiana kwa ubaridi.

Mnabaki na swali la watoto wa familia zisizo za Kikristo. Sisi tuliwapokea, na kwa kawaida walikuwa kama mmoja kati ya watano, lakini kwa walimu wote tulishikilia kwamba wawe waumini. Muhimu ni kumweleza mzazi kila kitu kabla hajalipa chochote: kwamba kuna ibada ya asubuhi, kuna somo la Biblia na kuna sala kabla ya masomo, na kwamba mtoto wake atahudhuria kama wengine. Baba mmoja aliisoma fomu yetu mara mbili, akauliza kama mwanawe atabatizwa bila yeye kujua. Mwalimu mkuu alichukua kalamu, akaandika kwa mkono chini ya fomu kwamba shule haibatizi mtoto yeyote, akatia saini na kumkabidhi nakala. Mwaka uliofuata tuliichapa sentensi hiyo katika fomu zote, na mtoto yule alisoma kwetu hadi akamaliza.